Mashine Aliyokuja Nayo Shangazi Kabula

Juzi nilipeleka simu kwa kijana anayetengeneza simu chini ya ngazi za jengo moja hapa Dodoma. Nilikaa kwenye kiti cha plastiki nikamsubiri. Alipogusisha kile chuma cha moto kwenye waya wa risasi ya kuchomelea, moshi mwembamba ukapanda, nami nikajikuta nimesimama. Sikuwa nimeamua kusimama. Kijana akanitazama, akasema, "Mama, bado kidogo tu, kaa." Sikuweza kukaa. Nilizunguka ngazi zile mara kadhaa, nikatoka nje, nikarudi, mpaka akamaliza.

Harufu ya risasi inayoyeyuka, ile inayonukia utomvu wa mti kisha inakukwaruza koo, wengine huiita harufu ya ufundi. Kwangu ni harufu ya msimu mmoja wa pamba nyumbani kwetu Somanda, pale Bariadi, msimu ambao hakuna mtu aliyetulia ndani ya ile nyumba, kuanzia Bibi mpaka kuku.

Wenzangu wa rika langu mliokulia Bariadi mtakumbuka malori yaliyokuja kuchukua pamba. Yalikuja matupu kutoka Mwanza, yakirukaruka kwenye makorongo, na sisi watoto tukiyakimbilia kwa sababu ya vumbi tu, hakuna kingine. Siku moja lori la namna hiyo likasimama mbele ya nyumba yetu. Juu yake, katikati ya turubai, alikaa Shangazi Kabula, mdogo wake Baba, amekumbatia kitu kirefu kama kabati kilichofungwa mablanketi na kamba za katani.

Nilikuwa naishi na Bibi pale mjini kwa ajili ya shule. Baba na Mama walikuwa Ngulyati, shambani, na wadogo zangu. Kwa hiyo mtu wa kumpokea alikuwa Bibi peke yake, akiwa na kisu mkononi na majani ya kunde kwenye ungo. Alimtazama binti yake juu ya lori. Hakusema "karibu". Alisema kwa Kisukuma, "Umekuja na Sitta?"

Sitta alikuwa mume wa shangazi. Walioana Lalago, kwao Sitta, wakahamia Mwanza, ambako alikuwa na chumba cha mashine za gemu karibu na stendi.

"Nimekuja na hii," shangazi alijibu, akaligonga lile kabati.

Wapakiaji wa pamba waliishusha ile mashine, wakaipandisha barazani, wakaifungua mablanketi. Sijawahi kuona kitu kizuri namna ile. Ilikuwa ya mbao nyeusi iliyochorwa ndege na nyota pembeni, rangi imebanduka kwenye kona. Katikati kulikuwa na kioo cha televisheni kilichoinamia nyuma kidogo, na chini yake kijiti chenye kirungu chekundu na vitufe vilivyolika kwa vidole vya watu. Niligusa kirungu. Kilikuwa kinanata.

"Inafanya kazi?" niliuliza.

"Haifanyi," alisema shangazi. "Bado."

Jioni ile Baba alikuja kwa baiskeli. Mimi nilikuwa ndani nikijifanya nasoma. Bibi alimketisha jikoni, akamwambia kwa sauti ya chini ambayo mtoto yeyote angeisikia: "Kuna kitu kimeharibika ndani. Ndiyo maana amerudi. Kikitengenezeka, atatulia."

Baba akauliza hospitali wamesema nini. Bibi akasema hospitali hawajui vitu hivyo. Sikuelewa hospitali imeingiaje, lakini yale mengine niliyaelewa barabara, au niliona nimeyaelewa. Kuna kitu kimeharibika ndani ya mashine, ndiyo maana shangazi amerudi. Kikitengenezeka, atatulia. Kwa akili yangu ya darasa la pili hakuna jambo lililokuwa wazi zaidi ya hilo.

Na kutulia kulihitajika kweli. Shangazi hakukaa. Alikula ugali amesimama mlangoni. Alifagia uwanja uliokwisha kufagiwa. Alianza kusuka nywele zangu, akaacha katikati, nikaenda shule na kichwa nusu. Begi lake lilibaki limefungwa zipu kando ya kitanda tulicholala wawili, na kila alipotaka kanga alifungua, akachukua moja, akafunga tena. Usingizini alijigeuza mpaka kitanda kililia. Asubuhi Bibi alimtazama, naye akatazama nje barabarani, ambako bodaboda zilipita zikielekea hospitali.

Siku ya kwanza kuiwasha mashine tulikuwa wawili tu. Alichomeka plagi, akabonyeza swichi nyuma. Nilitegemea ndege na nyota. Badala yake kioo kilibaki cheusi, kisha ukatokea mstari mmoja mweupe, mwembamba, mkali, kutoka kushoto kwenda kulia, katikati kabisa. Na sauti moja ikatoka chini: mmmmm, kama nyuki kwenye debe.

"Picha yote imo humo," alisema shangazi, akipunguza mwanga haraka ili ule mstari usiunguze kioo. "Imejikunja. Hakuna nguvu ya kuikunjua juu na chini."

"Nani ameikunja?"

"Njia, labda. Au uzee. Tutaona."

Ufundi hakuusomea. Kule Mwanza alikuwa akimshikia tochi fundi aliyekuja kutengeneza mashine za Sitta, akiuliza hili na lile, akisahau mengine. Alikuwa anajua nusu. Kwa hiyo alikwenda kwa Fundi Dotto, mtu mnene mwenye kibanda cha redio karibu na kwetu, amwombe kifaa cha kuchomelea na ushauri. Fundi Dotto alikuja, akachungulia nyuma ya mashine, akarudi hatua.

"Dada Kabula, mimi redio utaniona. Lakini hilo chupa la picha, hilo lililo nyuma ya kioo, siligusi. Linatunza umeme hata ukichomoa. Lilimrusha binamu yangu mpaka ukutani."

"Basi niazime kifaa."

"Kifaa chukua. Risasi chukua. Ukifa usiseme nilikushauri."

Alituonyesha jinsi alivyosikia linavyomalizwa umeme, akiwa amesimama mbali, mkono mmoja nyuma ya mgongo. Shangazi alichukua bisibisi ndefu yenye mpini wa mpira, akafunga waya kwenye chuma chake, ncha nyingine ya waya akaifunga kwenye fremu ya chuma ndani ya mashine. Akanisukuma nyuma ya Fundi Dotto. Akaiingiza bisibisi polepole chini ya kile kifuniko cha mpira kilichoganda kwenye chupa kama kupe. Tak! Cheche moja ya buluu. Kuku wakakimbia. Fundi Dotto akasema, "Yesu," ingawa alikuwa Mwislamu, na shangazi akageuka kutuangalia, jasho limemjaa midomoni, macho yakiwaka. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona akiwa mahali alipo, mwili na akili.

Kuanzia hapo nyumba ilinukia risasi. Nikitoka shule nilitupa madaftari, nikala michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, nikiwa njiani kati ya jiko na baraza, nikaenda kushika kioo. Namaanisha kioo cha kujitazamia, cha Bibi, chenye fremu ya plastiki ya pinki. Shangazi alikuwa nyuma ya mashine na hakuweza kuona mbele. Mimi nilisimama mbele na kile kioo, nikikielekeza hivi na vile, ili aone ule mstari akiwa kule nyuma. Mkono mmoja aliuweka mfukoni kila mashine ilipokuwa inawaka, kama alivyoambiwa na Fundi Dotto. Kwa mkono mwingine alishika mwiko wa ugali, wa mbao kavu, akagongagonga bodi yenye vifaa vya umeme taratibu.

"Hapa?"

"Bado mstari."

"Hapa?"

"Mstari."

"Hapa?"

Mstari ukafunguka. Kwa muda wa kupepesa jicho ulipanuka ukawa kioo kizima kilichojaa nyota za kijani, kisha ukajifunga tena. Nilipiga kelele mpaka Bibi akatoka akidhani nimepigwa na umeme.

"Rudia hapo hapo!" nilisema. "Hapo hapo, shangazi!"

Alirudia. Kioo kilifunguka, kikajifunga. Alizima, akamaliza umeme tena kwa ile bisibisi, akatoa bodi, akaipeleka juani. Akanionyesha. Kwenye mguu wa kipande kimoja kikubwa kilichopigiliwa kwenye bati la kupoza joto, risasi ilikuwa imepasuka duara, ufa mwembamba kama unywele. "Lori," alisema. "Au ulikuwepo tangu zamani, lori limemalizia." Aliondoa risasi ya zamani, akaweka mpya. Kapasita moja, kile kikopo kidogo cha kutunza umeme, ilikuwa imevimba kando yake, akaibadilisha na nyingine kutoka kwenye takataka za Fundi Dotto. Tulipowasha, picha ilijaa kioo kizima. Ilikuwa ikipanda juu kama maji yanayokwenda kinyume, lakini alizungusha kitasa kidogo cha nyuma na ikatulia.

Yeye hakutulia. Hilo lilinisumbua. Nilimtazama, nikasubiri akae, na badala yake akasema, "Hakuna nyekundu." Kweli, ndege iliyochorwa nyekundu pembeni mwa mashine ilikuwa ya kijivu kwenye kioo, na moto wake wa buluu. Aliihangaikia hiyo nyekundu kama mtu aliyepoteza mtoto sokoni, akitikisa nyaya, akizichomoa na kuzichomeka, mpaka akakuta pini moja ya plagi ya picha imeoza kwa kutu. Akaikwangua kwa wembe. Nyekundu ikarudi. Na bado usiku alijigeuza, kitanda kikalia.

Nikajua basi, ni sauti. Kilichobaki kuharibika ni sauti.

Katika siku hizo Bibi alikwenda safari ya kutwa, akarudi na kibuyu kidogo kilichozibwa kwa gunzi. Bibi alikuwa mtu wa kanisa, wa rozari na nyimbo za asubuhi, lakini kulikuwa na mambo ambayo aliyapeleka kwingine, kimya kimya, kama watu wengi wa kwetu. Alikiweka mezani mbele ya shangazi.

"Ni dawa ya hicho kilichoharibika," alisema. "Asubuhi na jioni. Yule mzee amesaidia wengi."

Shangazi alikitazama kibuyu, akamwambia mama yake, "Mayu, sitaki."

"Utakaa hivi mpaka lini?"

"Sitaki, Mayu."

Bibi alitoka akipiga mlango. Shangazi akatoka kwa mlango mwingine, akaelekea barabarani akitembea haraka, bila pochi, bila mtandio. Mimi nikabaki na kibuyu. Nilishangaa kwa nini mtu akatae dawa ya mashine yake mwenyewe, hali sauti bado inanguruma. Nilidhani labda anaogopa itamwagikia nyaya. Kwa hiyo nikaamua kuitumia kwa uangalifu. Nilichovya kitambaa, nikaipaka ile mashine nje tu, kwenye mbao, asubuhi na jioni kama ilivyoagizwa. Ilinuka mizizi na samli. Mbao zilipendeza sana.

Siku chache baadaye Shangazi Kabula alifungua sehemu ya sauti. Spika ilikuwa imetafunwa na panya. Karatasi yake ilibaki pembeni tu, kama chapati iliyoliwa katikati. Fundi Dotto alitoa spika kutoka kwenye redio kubwa iliyokufa, akasema na ule mngurumo unatokana na kapasita kuu ya amplifaya kuchoka, hilo ni jambo la redio, hilo analiweza. Walichomelea wakibishana. Shangazi aliunganisha waya wa mwisho, akawasha.

Muziki ulitoka ghafla kwa nguvu zote, maana hakuna aliyekumbuka kupunguza. Mbuzi wa jirani alikata kamba. Bodaboda mbili zilisimama. Watoto walitokea kutoka kila upenyo, na kabla ya jua kushuka baraza letu lilikuwa limejaa, madereva wa bodaboda wakigombea kirungu chekundu na kofia zao bado kichwani. Nilizunguka nyuma yao nikiwa na siri yangu: dawa ilikuwa imefanya kazi.

Habari husafiri. Sijui nani aliyempigia Sitta simu. Jumapili moja baada ya kanisa waliingia uwanjani wanaume wawili: Sitta, mrefu, mwembamba, ameshika kofia yake, na kaka yake mkubwa kutoka Lalago, mwenye koti zito lisilofaa kwa joto lile. Baba alikuwepo, nadhani aliitwa. Watoto wa mtaani walifukuzwa, lakini mashine ilibaki inawaka, ikijichezea yenyewe pale mlangoni na muziki wake mdogo. Salamu za Kisukuma zilikwenda na kurudi mpaka nikachoka: mhola, mhola duhu, mhola wa watoto, mhola wa ng'ombe. Shangazi alikaa kwenye mkeka karibu na mlango, mguu mmoja nje.

Kaka mkubwa alikohoa. "Tumekuja kwa wema. Sisi hatumlaumu mtu. Tunajua kuna kitu kimeharibika, na kimeleta maneno nyumbani. Lakini dunia ya leo kila kitu kina fundi wake. Tumchukue mke wetu, tumtafutie fundi, kitengenezwe."

Nilishindwa kuvumilia. Walikuwa wamekuja kutoka mbali hivyo bila kujua!

"Kimeshatengenezeka!" nilisema. "Shangazi alikuwa na mstari tu, sasa hana. Na nyekundu imerudi. Na dawa ya Bibi nimeipaka mimi mwenyewe, asubuhi na jioni, na sauti imetoka!"

Bibi alishika kifua. Kaka mkubwa aliniangalia mimi, akamwangalia shangazi, akamwangalia Bibi. Baba alisema, "Limi, umeipaka wapi dawa?"

"Kwenye mashine," nilisema. "Si ndiyo iliyoharibika?"

Shangazi Kabula alianza kucheka. Alicheka akiinamia magoti, akipiga mkeka kwa kiganja, akacheka mpaka machozi yakamtoka, na machozi yakaendelea kutoka baada ya kicheko kuisha. Alijifuta kwa upindo wa kanga. Kisha akasimama.

"Mtoto anazungumzia mashine," alisema. "Nyinyi mnanizungumzia mimi. Na mimi nipo hapa, lakini tangu mmeingia hakuna aliyeniuliza hata neno moja."

"Kabula," Bibi alisema.

"Mayu, niache niseme. Nimebeba mimba, zimetoka. Si moja. Ya mwisho nilikwenda hospitali nimepakiwa kwenye pikipiki, nimeshika chuma cha nyuma, peke yangu. Niliporudi nilikuta watu wamekaa sebuleni kwangu wanajadili nani aletwe baada yangu. Sijafika hata kitandani. Nilipita katikati yao na damu kwenye kanga."

Sitta alikuwa anaizungusha kofia mikononi. "Mimi sikusema uondoke. Mimi sikusema aletwe mtu."

"Hukusema kitu, Sitta. Ndicho ninachokisema hapa."

Nilikuwa nimesimama pale nikielewa kila neno na bila kuelewa chochote. Mimba ilitokaje? Ilitoka ikaenda wapi? Nilitaka kuuliza, na wakati huo huo muziki wa mashine ukakatika. Sote tuligeuka. Picha ilikuwepo, ndege ikiruka kati ya nyota, bila sauti yoyote.

Naikumbuka dakika ile kuliko zote. Sitta aliweka kofia chini, akainuka, akachukua tochi iliyokuwa juu ya mashine kana kwamba yeye ndiye aliyeiweka pale. "Spika tena?" aliuliza.

"Si spika," alisema shangazi, akiwa ameshazunguka nyuma. "Kitasa cha sauti. Kina uchafu."

Waliinama wawili ndani ya lile kabati. Niliwafuata. Sitta alimulika pale shangazi alipohitaji kabla hajasema, akasogeza mwanga kabla hajasogeza mkono, akamshikia nyaya zisimwangukie. Shangazi alikizungusha kile kitasa huku na huku, huku na huku, kikikwaruza kwenye spika kama mtu anayesafisha koo. Mikono yao ilikuwa inajuana. Nikajua kwa hakika kwamba shangazi ameshaondoka, kwamba kesho kutakuwa na lori na mablanketi na kamba za katani, na mimi nitabaki na kioo cha pinki bila kazi.

Muziki ukarudi. Walitoka nyuma. Sitta alikuwa na utando wa buibui kwenye nywele, shangazi akaunyakua kwa vidole viwili, akautupa.

"Asante, Sitta," alisema. "Msalimie mama. Mfike salama."

Sitta hakuondoka. Aliweka kiganja juu ya mashine. "Hii inabaki?"

"Inabaki."

"Na wewe?"

"Na mimi."

Mabega yake yakaanza kutikisika. Sikuwahi kuona mwanaume akilia. Kwetu mwanaume hulia msibani tu, na hapo ni kwa ajili ya baba yake. Nilimhurumia sana. Nilidhani analilia mashine yake. Nikamshika mkono, nikamwambia, "Utakuja kucheza. Tutakuachia nafasi, hutapanga foleni." Aliitikia kwa kichwa. Akasema, "Wabeja, ng'wanone." Asante, mwanangu. Baba ndiye aliyemsindikiza mpaka barabarani. Kaka mkubwa alitaka kuanza habari ya ng'ombe wa mahari, na nilimsikia Baba akimjibu kutoka langoni, "Ng'ombe tutaongea. Dada yangu hafungwi kwa kamba ya ng'ombe."

Bibi hakumsemesha shangazi kwa muda mrefu baada ya hapo. Alimpikia, alimwekea maji ya kuoga, lakini maneno yalipita kwangu: mwambie shangazi yako chakula kipo, mwambie shangazi yako mvua inakuja. Shangazi naye aliendelea kutembea barazani kama mtu anayesubiri gari. Sikuelewa. Vyote vilikuwa vimepona na bado hakuna aliyetulia. Halafu asubuhi moja nilimkuta Bibi uwanjani akimwaga dawa iliyobaki kwenye shina la mpapai, na shangazi amesimama kando yake, wakitazama pamoja jinsi ardhi inavyoinywa. Bibi alisema kitu ambacho sikukisikia. Shangazi akamshika bega. Mchana ule walichambua kunde kwenye ungo mmoja.

Ile mashine ilidumu miaka michache. Baadaye chupa la picha lilichoka kabisa, picha ikafifia hadi ikawa kama kitu unachokikumbuka vibaya, na watoto wakahamia kwenye vitu vingine. Lakini shangazi alikuwa ameshafungua kibanda kando ya Fundi Dotto, akitengeneza televisheni, na mpaka leo yupo pale Somanda, akilalamika kwamba hizi bapa za siku hizi hazina roho, ukizifungua hakuna cha kugonga. Sitta alioa Lalago. Nasikia ana watoto wakubwa. Shangazi hakuzaa. Alinilipia shule mimi na wadogo zangu, na alinifokea kuliko mama yangu.

Nilikuwa mtu mzima, nimeolewa, niko Dodoma, siku nilipoelewa kwa mwili wangu mwenyewe kilichosemwa pale kwenye mkeka. Mimba ilinitoka ikiwa katika mwezi wa tano. Sikumwambia mtu isipokuwa mume wangu, naye akampigia shangazi. Alipanda basi Bariadi alfajiri. Alifika wodini na vumbi kwenye nyusi na kifurushi cha michembe ambacho hakuna aliyekihitaji, akavuta kiti akakaa. Hakusema pole.

Mimi ndiye niliyekuwa sitaki kutulia. Nilikuwa nikijigeuza, nikikunja shuka, nikiuliza saa. Mwishowe nikamwuliza jambo ambalo nilikuwa nimelibeba miaka yote bila kujua nimelibeba.

"Siku uliyokuja na lori, ulikuwa umetoka hospitali lini?"

"Wiki ile ile."

"Na ulijipandisha juu ya lori na mzigo ule? Kwa nini, shangazi? Lilikuwa kabati bovu tu."

"Hospitali waliniambia imetoka. Basi. Nyumbani kila mtu alikuwa na jibu la kwa nini, na kila jibu lilikuwa ni mimi. Nikasema, nipate kitu kimoja kilichoharibika ambacho naweza kukifungua nikaona ndani kuna nini."

"Na uliona nini?"

"Vumbi, Limi. Vumbi na mavi ya panya."

Nilicheka. Sikutaka kucheka, iliniuma tumboni, lakini nilicheka, naye akacheka, na mwanamke wa kitanda cha pili akageuka kututazama. Kisha kicheko changu kikageuka kile ambacho kilikuwa kinanisubiri tangu juzi yake. Shangazi Kabula aliinuka, akasogeza mto, akapanda kwenye kile kitanda chembamba nyuma yangu, na mwili wake wote ulionenepa kwa kukaa kibandani. Nesi alipokuja kutufokea alimkuta ameshalala, anakoroma, mkono wake mzito umelala juu ya tumbo langu. Nesi alisimama kidogo, akazima taa ya upande wetu, akaondoka.